Kukataa leseni ya TV Uingereza: badilisha utazamaji kwanza, makato ya benki baadaye

Aliyewahi kupanga nyumba Uingereza anaijua ile bahasha ya leseni ya TV, ada ya kila mwaka ya kutazama televisheni huko. Haina jina la mtu, imeandikiwa mkaaji halali wa nyumba, na ndani kuna maandishi mekundu yanayosema uchunguzi umefunguliwa. Wapo wanaoingiwa na hofu wakalipa siku hiyohiyo ingawa hawana haja ya leseni. Wapo wanaoitupa, kisha jioni wakakaa kutazama taarifa ya habari ya saa moja ya Nairobi au ya saa mbili ya Dar es Salaam kama kawaida. Wa kwanza wanapoteza pesa bure. Wa pili wanaweza kujikuta na hukumu ya jinai, na kwa mtu ambaye bado anahangaika na visa au uraia, hilo si jambo dogo. Sisi tuliozoea kusoma barua hizi pamoja na jamaa na majirani tunaandika haya kwa ajili ya nyumba zinazotaka kuacha kulipa na kubaki upande salama wa sheria. Inawezekana kabisa, ila mpangilio wa hatua una maana kubwa.

Kwanza ada yenyewe. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2025 leseni ya TV ya rangi iliwekwa kuwa pauni 174.50 kwa mwaka, na ya TV nyeusi na nyeupe pauni 58.50. Hupandishwa kila Aprili kufuata mfumuko wa bei, na mkataba wa kifalme wa BBC, shirika la utangazaji linaloendeshwa kwa ada hii, unakwisha tarehe 31 Desemba 2027, kwa hiyo hakikisha bei ya mwaka unaosoma. Kuna nafuu ambazo watu wetu wengi hawazijui. Mtu mwenye upofu au uoni hafifu sana hulipa nusu. Mzee aliyetimiza miaka 75 hapati tena leseni ya bure kwa umri peke yake. Tangu Agosti 2020 anaipata endapo yeye, au mwenzi wake anayeishi naye, anapokea Pension Credit, yaani msaada wa serikali kwa wastaafu wenye kipato kidogo. Kabla ya kumshauri mama au baba aache TV anayoipenda, angalieni kwanza kama anastahili nafuu hiyo, maana wengi wanastahili na hawajaiomba.

Sheria iko kwenye kifungu cha 363 cha Sheria ya Mawasiliano ya 2003. Kosa ni kutumia chombo kupokea matangazo ya televisheni bila leseni, au kuwa nacho kwa nia ya kukitumia hivyo. Kumiliki TV si kosa. Unaweza kutundika ya inchi 65 ukutani, ukacheza michezo ya PlayStation, ukatazama DVD, Netflix na video za YouTube, na usidaiwe hata senti. Zamani duka lililokuuzia TV lililazimika kupeleka anwani yako kwa wakusanya ada, lakini sharti hilo liliondolewa mwaka 2013.

Leseni inahitajika kwa mambo mawili tu. La kwanza ni kutazama au kurekodi kipindi cha TV wakati kinarushwa, kwa chaneli yoyote, kwa kifaa chochote, iwe simu, kompyuta au kishikwambi. La pili ni kutumia BBC iPlayer, huduma ya BBC ya kutazama vipindi vyake kwa intaneti, hata kwa kipindi kilichokwisha kurushwa; hili liliongezwa tarehe 1 Septemba 2016. Vipindi vya S4C, chaneli ya Kiwelshi, vikitazamwa baadaye kwenye iPlayer vimesamehewa. Redio haihitaji leseni, wala kusoma habari za BBC Swahili kwenye tovuti.

Penye makosa mengi kwa nyumba zetu ni neno mubashara. Wengi huamini kwamba leseni ni ya BBC, hivyo asiyetazama BBC hahusiki. Sheria haiulizi chaneli ni ya nani wala inarushwa kutoka nchi gani. Ukiwa Leicester au Reading ukafungua matangazo ya TBC, Citizen, Azam au NTV Uganda wakati huohuo yanapokwenda hewani, kwa dishi, kwa programu ya simu au kwa YouTube, unahitaji leseni. Mechi ya Simba na Yanga ikitazamwa inapochezwa kupitia chaneli ya TV, unahitaji leseni. Taarifa ile ile ya habari ukiitazama saa moja baadaye, ikiwa imepakiwa kama video kamili, huhitaji. Kwa hiyo nyumba iliyozoea habari za nyumbani inaweza kuzipata zote kihalali kwa kuchelewa kidogo. Kwa mpira ni shida zaidi, maana nani atakaa saa mbili bila kufungua WhatsApp?

Harusi ya binamu inayorushwa na mpiga picha kwa Facebook, au ibada ya kanisa lenu inayorushwa kwa YouTube peke yake, si kipindi cha televisheni na haihusiki. Ikiwa ibada hiyo inakwenda hewani wakati huohuo kwenye kituo cha TV, basi inahusika. Netflix na Amazon nazo siku hizi zina matangazo ya mubashara, hasa michezo. Filamu hazina neno, lakini pambano linaloendelea muda huo linahitaji leseni. Na vile vijiti vya kuchomeka kwenye TV vilivyochezewa, vinavyouzwa mikononi vikiwa na chaneli elfu moja, vina makosa mawili: chaneli zake ni za mubashara, na matangazo yenyewe ni ya wizi.

Ukishaelewa hayo, anza na watu wa nyumbani kabla ya kugusa benki. Kaeni mwulizane kila mmoja anatazama nini na kwa njia gani. Mara nyingi kinachosahaulika ni watoto, kwa sababu CBeebies na CBBC, chaneli za watoto za BBC, hutazamwa kupitia iPlayer kwenye kishikwambi ambacho wazazi hawakifungui. Cha pili ni mgeni wa muda mrefu, tuseme bibi aliyekuja kumlea mjukuu, anayewasha TV mchana nyumba ikiwa tupu. Kama hawa hawakuelezwa, nyumba haijaacha kutazama, hata kama baba mwenye nyumba ameacha.

Halafu shughulikia vyombo. Chomoa waya wa antena na wa dishi kwenye TV, na ikiwezekana uuondoe kabisa ukutani. Kama una king'amuzi cha Sky au Virgin, sitisha kifurushi cha TV na ubaki na intaneti. Kampuni nyingi huweka vyote kwenye mkataba mmoja, kwa hiyo soma tarehe ya mwisho wa mkataba usije ukatozwa faini ya kuuvunja. Rudisha TV kwenye mipangilio ya kiwandani, na itakapokuuliza kama itafute chaneli, ruka hatua hiyo. Futa iPlayer kwenye TV, simu na vishikwambi vyote, kisha toka kwenye akaunti ya BBC.

TV mpya za Samsung na LG zina mtego ambao wengi hawauoni. Zina chaneli za bure za intaneti zilizopachikwa ndani, Samsung TV Plus na LG Channels, na nyingine hujiwasha zenyewe mara tu unapobonyeza kitufe cha kuwasha. Chaneli hizi hufuata ratiba kama TV ya kawaida, na ushauri wetu ni kuzichukulia hivyo. Ingia kwenye mipangilio, zima ile ya kujianzisha yenyewe, na uziondoe kwenye ukurasa wa mwanzo. TV inayoimba tangazo la chaneli wakati mtu amesimama mlangoni inakuwekea maswali ambayo hukuyahitaji.

Baada ya hapo ndipo unawasiliana na TV Licensing, jina linalotumiwa na BBC kukusanya ada. Waambie huhitaji tena leseni, omba marejesho ya fedha, subiri uthibitisho, na mwishowe sitisha makato benki. Wengi huanza kinyume: wanafuta makato kwenye programu ya benki usiku mmoja, basi. Wanachopata ni mfululizo wa barua za kudaiwa, leseni kubatilishwa, na anwani yao kuingia kwenye orodha ya nyumba za kutembelewa, na marejesho yenyewe hawajayaomba. Marejesho hutolewa kwa miezi kamili iliyobaki, mradi hutahitaji leseni tena kabla ya tarehe yake ya mwisho. Anayelipa leseni yake ya kwanza kwa makato ya kila mwezi anadai zaidi ya anavyodhani, kwa sababu mwaka mzima hukatwa ndani ya miezi 6 hivi, kama pauni 29 kwa mwezi kwa bei ya 2025, kabla ya kushuka hadi 14 na nusu. Ukiacha mwishoni mwa mwezi wako wa sita wa kulipa umeshalipia mwaka mzima, na karibu pauni 87 ni zako.

Tamko la kutohitaji leseni hujazwa kwenye tovuti yao na hudumu kama miaka miwili, kisha wanakuuliza tena. Sheria haikulazimishi kulijaza. Faida yake ni kwamba barua hupungua sana. Upande wa pili, wanaweza kumtuma mtu kuja kuhakikisha. Asiyejaza hatendi kosa, ila barua zitaendelea kuja, kila moja kali kuliko iliyotangulia, na hatimaye mtu atabisha hodi. Kwa nyumba iliyosafisha mambo yake kweli, sisi tunaona heri kujaza. Kwa nyumba ambayo bado inachungulia mpira wa Jumamosi, kujaza ni kusaini uongo, na hapo ni afadhali walipe tu leseni. Barua pepe za ulaghai pia ni nyingi: matapeli hutuma ujumbe wenye nembo ya TV Licensing ukidai malipo yako yamekwama. Usibonyeze kiungo chochote. Andika mwenyewe anwani ya tovuti yao.

Kama mnaishi wengi kwenye nyumba moja, angalieni mkataba wa pango. Mkataba mmoja wa pamoja, leseni moja inatosha nyumba nzima. Kila mtu na mkataba wake wa chumba, kila chumba kinahesabiwa kivyake, na chumba chako kikiwa hakitazami mubashara hakikuhusu kinachofanyika cha jirani. Mwanafunzi ambaye wazazi wake wana leseni hukohuko Uingereza anaweza kutazama kwa simu au kompyuta inayotumia betri yake, ikiwa haijachomekwa kwenye umeme wala antena. Akichomeka chaja katikati ya kipindi, kinga hiyo haipo.

Sasa mlangoni, mahali ambapo kesi nyingi hutengenezwa. Afisa anayekuja si polisi. Ni mwajiriwa wa Capita, kampuni iliyopewa kazi hiyo, na mbele ya mlango wako hana mamlaka zaidi ya mgeni yeyote asiyealikwa. Hawezi kuingia usipomruhusu. Hulazimiki kumpa jina lako, kujibu maswali yake wala kumwonyesha TV. Unaweza kumwambia kwa adabu kwamba nyumba hii haihitaji leseni na huna la kuongeza, ukafunga mlango. Ukipenda kumwonyesha kwamba TV haina antena wala chaneli, ni hiari yako, na katika nyumba isiyo na shida jambo huisha hapohapo. Lakini amua kabla, usiamue ukiwa umeduwaa na mtoto mkononi.

Akikusomea onyo la kisheria, yaani kwamba si lazima useme lolote lakini utakalosema linaweza kutumika kama ushahidi, jua kwamba hayo sasa ni mahojiano ya jinai. Ana fomu anayoijaza: unatazama chaneli zipi, tangu lini, TV iko chumba gani, mara ya mwisho kutazama ilikuwa lini. Mwishoni anaomba sahihi. Hakuna mtambo wala gari la kunusa mawimbi linalotia watu hatiani kama karatasi hiyo. Watu wetu huisaini kwa heshima, kwa kuwa tumelelewa kumkaribisha mgeni na kumjibu mwenye beji, au kwa sababu Kiingereza kimewapita na wanataka aondoke. Kama huelewi vizuri, sema unataka mkalimani na usiendelee. Usisaini maneno ambayo si yako. Na mgeni aliyefungua mlango, shangazi aliyekuja kutembea kutoka Mombasa, aseme tu kwamba yeye si mkaaji wa hapo.

Mwaka 2019 karibu robo tatu ya waliohukumiwa kwa kosa hili walikuwa wanawake. Sababu kubwa inajulikana: mwanamke ndiye anayekutwa nyumbani mchana na ndiye anayefungua mlango, na nyumba nyingi za mzazi mmoja ziko chini ya mama. Jina linaloandikwa ni la aliyefungua, hata kama anayetazama mpira kila Jumapili ni mtu mwingine. Kwa hiyo, kinababa, msifanye uamuzi huu peke yenu halafu mkaenda kazini. Anayebaki nyumbani ndiye anayebeba hatari, na lazima akubali kwa hiari yake akijua haya yote.

Afisa akirudi na hati ya upekuzi iliyotolewa na hakimu, mambo ni tofauti. Isome: anwani iwe yako, na tarehe iwe ndani ya mwezi mmoja tangu itolewe. Ikiwa sahihi, waruhusu, maana kuwazuia kwa makusudi ni kosa jingine. Hati hizi hazitolewi ovyo, na nyumba isiyotazama haina cha kukutwa nacho. Katika Uingereza yenyewe (England) na Wales unaweza pia kuandika barua ya kuondoa ruhusa ya maafisa kukanyaga eneo lako. Kwa kawaida huiheshimu, lakini haiwazuii kuomba hati mahakamani.

Mashtaka yakifunguliwa, England na Wales hutumia utaratibu ambapo hakimu mmoja anasoma makaratasi bila mshtakiwa kuwepo. Notisi inakuja kwa posta na una siku 21 kujibu: unakiri, unakiri lakini unataka kusikilizwa, au unakana. Ukikaa kimya, utahukumiwa bila neno lako lolote. Faini ya juu ni pauni 1,000. Anayekiri mapema hupunguziwa theluthi moja. Juu ya faini kuna nyongeza ya asilimia 40 kwa ajili ya mfuko wa wahanga, pamoja na gharama za mashtaka, kwa hiyo faini ya pauni 200 inakuwa 280 kabla hata ya gharama. Jaza fomu ya kipato, kwa sababu faini hupimwa kwa mapato ya wiki. Usipoijaza, mahakama itakadiria yenyewe, na makadirio hayo huwaumiza wenye saa chache za kazi.

Kama una maelezo mazito, ugonjwa, kufiwa, madeni, au mtu mwingine ndiye aliyeshughulikia bili, usiyaandike kwenye fomu ya mahakama peke yake. Yatume pia TV Licensing moja kwa moja, na ushahidi wake. Hakimu atayasoma, lakini anayeweza kuiondoa kesi ni mwendesha mashtaka, na mara nyingi yeye haoni ulichoandika kwenye fomu ile. Ikiwa ulihama na notisi ikaenda anwani ya zamani, una siku 21 tangu ulipojua kuhusu kesi kula kiapo cha kisheria kwamba hukujua, na hukumu inafutwa ili kesi ianze upya.

Faini yenyewe haimpeleki mtu jela. Jela huja kwa kukataa makusudi kulipa faini ambayo mahakama imeamuru, na kabla ya hapo kuna makato kwenye mshahara au madalali wa mahakama. Kwa kawaida kosa hili haliingizwi kwenye kumbukumbu ya taifa ya polisi, na kwa mambo mengi faini huhesabiwa imekwisha baada ya miezi 12. Mambo ya uhamiaji hayamo katika nafuu hiyo. Fomu ya uraia huuliza kuhusu hukumu za jinai, na faini ya mahakama ni hukumu. Iandike. Faini ndogo iliyotajwa wazi inaelezeka. Iliyofichwa inasomwa kama udanganyifu, na udanganyifu ndio unaoangusha maombi.

Swali linalorudi kila mashindano yanapokaribia, na AFCON 2027 itachezwa Kenya, Tanzania na Uganda, ni kama mtu anaweza kununua leseni ya mwezi mmoja. Hakuna leseni ya namna hiyo. Unachoweza kufanya ni kununua ya mwaka kabla ya mechi ya kwanza, ukatazama, kisha ukaighairi mashindano yakiisha na kuomba marejesho ya miezi kamili iliyobaki, mradi usirudi kwenye mubashara kabla ya tarehe ya mwisho ya leseni ile. Au nenda ukatazame kwa rafiki mwenye leseni, kwenye TV yake. Leseni yake inaihudumia sebule yake na wote mliokaa humo.